Eksi Mia Mbili na Kumi na Nne

Kwa miaka thelathini na mbili dada yangu hakumwita mama yetu mama. Alimwita Mwalimu. Shikamoo Mwalimu, chai iko tayari Mwalimu, baba amezidiwa Mwalimu njoo upesi. Hata siku tuliyomzika baba, watu wamejaa uani, alimshika mama mkono akamwambia, "Pole, Mwalimu," na jirani mmoja akanivuta pembeni kuniuliza kama yule ni mtoto wa kambo. Nikamwambia anywe chai yake aache umbeya. Mimi subira sina, bora niseme mapema. Napokea simu katika ofisi ya maji, kazi ya kutukanwa kutwa nzima na watu ambao bomba zao zimekauka, na ulimi wangu umenolewa hukohuko.

Lakini habari hii ni ya mama. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa darasa la tatu, baadaye akawa mtu wa kuwafundisha walimu namna ya kumsaidia mtoto anayeshindwa hesabu. Walimu wa shule nyingi wanamjua, wamempachika jina: Mama Umefikaje. Amepewa vyeti vya shukrani vya kujaza kabati. Na katika miaka yote hiyo kitu alichokitaka kilikuwa kimoja tu, aitwe mama na mtoto wake wa kwanza.

Ilianza hivi. Dada alipofika darasa la tatu, shule yetu ilikuwa na darasa la tatu moja tu, la mama. Jumapili jioni mama akamkalisha jikoni. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikasikia kila neno. "Kuanzia kesho," alimwambia, "ukishavuka lango la shule mimi si mama yako. Ni Mwalimu. Na usiniulizeulize maswali mbele ya wenzako, watasema nakupendelea."

Mwalimu yeyote aliyewahi kumfundisha mwanawe anaijua hofu hiyo. Wazazi wataanza kunong'ona kwamba mtihani unaanzia nyumbani, kwenye meza ya chakula. Walimu wenzako watakutazama kwa jicho la pembeni. Basi unamkaza wako kuliko wa watu. Wa watu akikosa anaambiwa arudie, wako akikosa anasimamishwa. Mama aliona ndiyo haki.

Mimi nilikuwa darasa la kwanza, chumba cha jirani, na kati yetu kulikuwa na ukuta wa mbao. Yote yaliyopita kule tuliyasikia huku. Mama alipenda kanuni ziimbwe, na darasa lake lilipoanza kuimba, mwalimu wetu aliweka chaki chini akasubiri wamalize. Nilisikia pia mambo mengine. "Simama! Mtoto wa mwalimu mzima, kutoa tu kunakushinda?" Nilijua aliyesimama ni nani.

Kilichomshinda dada kilikuwa kutoa. Hamsini na mbili kutoa ishirini na saba, yeye aliandika thelathini na tano. Eksi, wino mwekundu. Sitini na moja kutoa kumi na nne, akaandika hamsini na tatu. Eksi. Mama alikuwa na wanafunzi sitini na wawili, na madaftari sitini na mawili ya kusahihisha kila siku. Ukiwa na madaftari sitini na mawili unaangalia jibu, unapiga eksi, unafungua lingine. Muhula mmoja na nusu ukaenda hivyo. Watoto wakaanza kumwita dada Eksi, tukitoka shuleni wanamfuata nyuma wanaliimba. Nilimrushia mmoja wao jiwe, nikaadhibiwa mimi.

Nyumbani alikuwa mtoto mwingine kabisa. Anacheka, anaiga sauti za majirani, anakata magazeti kuwatengenezea wanasesere nguo zinazowakaa barabara. Lakini siku moja mezani alisema, "Mwalimu, naomba chumvi." Baba alicheka, akadhani ni utani. Mama naye alitabasamu. Kesho yake akasema tena, na kesho kutwa, na mwezi uliofuata hakuna aliyekuwa anacheka.

Alipofika miaka kumi na minne aliacha shule. Hakugombana na mtu. Alikunja sare, akaiweka kitandani kwa mama, akaenda kujifunza ushonaji kwa fundi wa mtaa wa nyuma. Mikono yake ilikuwa ya ajabu. Ndani ya miaka michache yule fundi wa kike, akiwa amezeeka, alimwachia cherehani na kibanda.

Dada alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakuandika namba hata moja. Kusoma namba alijua, kuziandika ndiko alikokataa katakata. Kila mteja alimkatia ukanda mrefu wa karatasi ya mfuko wa saruji, akamzungushia mwilini, kisha akautia vijikato kwa mkasi: hapa shingo, hapa kifua, hapa kiuno, hapa nyonga. Juu ya ukanda alibana kwa pini kipande cha kitambaa cha mteja ili asimsahau. Ukutani kulikuwa na misumari imejaa kanda hizo. Utepe wa kupimia alivaa shingoni ili wateja wamwone fundi, basi. Na nguo zilikaa. Watu walivuka mitaa mitatu kumfuata.

Mama hakuwahi kushonewa na dada. Alijaribu. Kila alipopeleka kitambaa aliambiwa, "Siku hizi nimejaa, Mwalimu." Akakipeleka kwa mwingine, isipokuwa kimoja cha bluu alichokificha kabatini.

Siku moja shule ilikuwa inapakwa chokaa, walimu wakaambiwa watoe vitu kabatini. Chini kabisa, nyuma ya ramani iliyoliwa na mchwa, mama akaliokota daftari la dada la darasa la tatu. Alikaa juu ya kreti akalifungua. Aliporudi nyumbani hakupika. Alimwita baba, dereva wa lori ambaye hesabu zake zilikuwa kilomita na mafuta, akamwekea daftari mbele.

"Tazama," akamwambia. "Zile zisizohitaji kuazima kumi amepata zote. Zote, baba watoto! Na zile za kuazima amekosa zote kwa njia ileile, hajateleza hata mara moja. Mtoto mzembe hakosi kwa mpango namna hii. Amekosa kitu kimoja. Kosa moja. Mimi nimempiga eksi mia mbili na kumi na nne."

Alikuwa amezihesabu.

Kesho yake alikwenda kibandani. Dada alikuwa amejaza pini mdomoni, anapinda pindo. Mama akasimama mlangoni, akaanza, "Nimekuja, kuna jambo nataka..." Dada hakuinua uso. Alisema katikati ya zile pini, "Mwalimu, unanizibia mwanga."

Mama akasogea. Kisha akaondoka. Aliniambia haya miaka mingi baadaye. Mtu aliyeweza kunyamazisha watoto sitini kwa kutazama tu, akashindwa kumaliza sentensi moja mbele ya mwanawe.

Alichoshindwa kumwambia dada akaenda kuwaambia walimu. Alianza na wenzake wawili baada ya masomo, kisha shule ya jirani, kisha kituo cha walimu kikampa ukumbi kila likizo. Miaka ishirini. Goti lake lilipoanza kumsumbua mimi ndiye niliyembebea boksi la vifaa, kwa hiyo semina zake nazijua kama mlango wa nyumba yetu.

Aliwakalisha walimu kwenye madawati ya watoto wadogo, magoti yakiwagusa kidevu. Kisha akawapa hesabu zilizoandikwa kwa alama alizobuni mwenyewe, hakuna moja wala mbili, ni vijiti na vipembe tu. Dakika kumi, hakuna kuulizana. Alipita kati ya madawati na kalamu nyekundu akipiga eksi bila kusema neno. Nimewaona walimu wakuu wakitokwa jasho. Mmoja aliinuka akasema yeye si mtoto wa kuchezewa. Mama akamjibu, "Hata mtoto si wa kuchezewa. Kaa." Akakaa.

Baada ya chai ndipo daftari lilipotoka. Jina la mwenyewe alikuwa amelibandika karatasi ya kaki juu yake. Aligawa nakala za kurasa, akauliza, "Huyu mtoto amekosa mara ngapi?" Walimu wanahesabu eksi, wanataja mia mbili na kumi na nne. "Hesabuni tena." Wanahesabu tena, wananuna. Mpaka anatokea mmoja, kwa kawaida wa nyuma asiyesemasema, anasema, "Mara moja." Hapo mama anawafundisha swali lake. Usipige eksi kabla hujamuuliza mtoto, "Umefikaje hapa?" Ukishauliza, funga mdomo. Weka mikono nyuma, kunja vidole kimoja kimoja mpaka kumi. Mwalimu hawezi kunyamaza, ndiyo maradhi yetu, aliwaambia. Ukimjibia mtoto, umemwibia.

Aliwaeleza kwamba mtoto huyu alijitungia njia yake mwenyewe, na kwamba hakuna mtu aliyemuuliza. Hakusema ni mtoto wa nani. Mimi aliniapisha nisimwambie dada, na kwa ubishi wangu wote nilikaa kimya. Sijivunii.

Mwaka huu macho yake yalianza kufunga ukungu. Kituo kikamwambia kwa heshima zote kwamba semina ya likizo hii iwe ya mwisho. Asubuhi ile, tunapanga vifaa, akaniambia, "Daftari sijui nimwachie nani. Mwenyewe hata hajui ninalo."

"Si umwambie!"

"Ataniambia namzibia mwanga."

Hasira zikanipanda, nikatoka nje. Hasira kwa mama, kwa dada, kwangu mwenyewe niliyebeba boksi miaka yote hiyo mdomo umefungwa. Wakati wa chai nikapiga simu.

"Fundi, njoo kituo cha walimu sasa hivi."

"Nina gauni la arusi mkononi."

"Mama anafundisha watu kwa daftari lako la darasa la tatu. Lile la eksi. Ana miaka ishirini analizungusha."

Nilisikia cherehani ikisimama.

"Daftari langu linafanya nini huko?" akasema. Halafu akakata simu.

Alifika robo saa baadaye, vipande vya nyuzi kwenye sketi, utepe shingoni. Akaingia kwa mlango wa nyuma, akakaa dawati la mwisho. Walimu walikuwa ishirini na wanane. Mama, na ukungu wake wa macho, hakumwona. Nakala zilikuwa zimegawiwa, na dada alichukua moja akaitazama muda mrefu.

"Amekosa mara ngapi?" mama akauliza.

Kijana mmoja aliyevaa tai akanyoosha mkono. "Mia mbili na kumi na nne, Mama. Huyu ni mzembe tu. Wa aina hii ninao kumi darasani kwangu."

"Huyo mzembe ni mimi," dada akasema.

Watu wakageuka. Mama hakuona uso, lakini sauti aliijua. Chaki ilimwanguka. Nikafikiri nimeharibu, leo watatukanana hapa mbele za watu na kosa ni langu. Mama akajishika kwenye meza. Kisha akauliza, polepole, namna ileile aliyowafundisha wengine.

"Mwanangu. Hamsini na mbili kutoa ishirini na saba. Uliandika thelathini na tano. Ulifikaje hapo?"

Akaweka mikono nyuma. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni kwake, niliviona vidole. Kimoja, viwili, vitatu. Vikafika kumi. Akavikunjua, akaanza upya.

"Unataka kujua leo?" dada akasema.

"Ndiyo."

Vidole vikaanza tena. Na dada, mwanamke wa miaka arobaini, akafungua mdomo akaimba kwa sauti ya chini, sauti ya darasani, "Ndogo kwenye kubwa, siku zote! Kubwa kwenye ndogo, haiwezekani!"

Wimbo ule niliujua. Nilikuwa nimeusikia kupitia ukuta wa mbao, nikauimba njiani nikirudi nyumbani bila kujua ni wa nini.

"Ulituimbisha wiki mbili, Mwalimu," dada akaendelea. "Basi mbili na saba, kubwa ni ipi? Saba. Nikatoa mbili kwenye saba. Ulisema siku zote. Halafu ukaja na habari za kuazima kumi, wenzangu wakachanganyikiwa, wakanyoosha mikono, ukawaeleza. Mimi ulinikataza kuuliza. Nikajua unanipima. Nikasema wao watadanganyika, mimi mtoto wa mwalimu nitaishika kanuni." Sauti yake ikakatika, akajikaza. "Nikaishika. Kila siku eksi, na kila siku najua nimefanya ulivyosema. Mwisho nikaelewa kwamba hukuwa unakataa hesabu. Ulikuwa unanikataa mimi."

Miaka ishirini alikuwa amewaambia watu kwamba mtoto huyu alijitungia njia. Kumbe njia ilikuwa yake. Akatafuta kwa mkono dawati la karibu, lile la watoto, goti likakataa kupinda, na yule kijana wa tai ndiye aliyeruka kumshika akamkalisha.

"Nilisema," mama akasema. "Ni kweli, nilisema hivyohivyo. Na nikakuziba mdomo. Nisamehe, mwanangu."

Alisema hivyo mbele ya walimu ishirini na wanane, akilia waziwazi, na wala hakujificha uso.

Dada alikwenda mpaka mezani, akalichukua daftari, akabandua ile karatasi ya kaki kwa ukucha. Chini yake jina lilikuwepo, kwa herufi za kitoto zilizolala upande. "Hili ni langu," akasema.

Yule wa tai, sijui alipata wapi ujasiri, akamuuliza kwa adabu, "Samahani, Fundi. Na leo ukipewa hesabu hiyo?"

Dada akauvua utepe. Akabana hamsini na mbili kwa gumba, akakunja pale penye ishirini na saba, kile kipande cha kati akakipima kwa ncha ya pili ya utepe. "Ishirini na tano," akasema. "Kitambaa hakijawahi kunipigia eksi." Akatoka, na daftari kwapani.

Mama aliwaambia walimu wafungue maandalio yao ya masomo, watafute kila mahali walipoandika "siku zote". Nilisikia kurasa tu zikifunguliwa. Baadaye kijana wa tai alinyoosha mkono, safari hii hakuinua kichwa. "Mama, hiyo ya ndogo kwenye kubwa mimi naiandika ubaoni kila mwaka." Wengine sita wakanyoosha.

Wiki tatu zilizofuata nyumba ilikuwa nzito. Mama alikaa dirishani na redio yake imezimwa. Mimi nilipokea simu za maji nikiwajibu watu kwa upole mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa. Wiki ya nne dada akanipigia. "Mlete," akasema. "Na kile kitambaa chake cha bluu anachokificha. Nimpime."

Nilimshika mama mkono mpaka kibandani. Misumari ilikuwa palepale, kanda za karatasi zimejaa. Nikangoja achukue mkasi na mfuko wa saruji. Hakuchukua. Aliinama chini ya cherehani akatoa daftari la darasa la tatu, akalifungua pale eksi zilipoishia. Kurasa kumi na moja za mwisho zilikuwa tupu toka siku zile. Akalikandamiza kwa kiganja lilale vizuri, akashika kalamu.

"Nyoosha mikono. Usivute pumzi, unajidanganya mwenyewe." Akamzungushia utepe. Akaandika. Kifua mia moja na nne. Kiuno tisini na moja. Namba zake zilikuwa za mtoto wa miaka minane, zimepinda vilevile. Urefu wa gauni aliupata kwa kutoa, kutoka bega mpaka sakafu, apunguze sentimita kumi na nane za chini. Niliona kalamu ikisita. Akaazima kumi, akakiandika kijimoja kidogo juu, na mdomo wake ulikuwa unahesabu.

Mama, mazoea bwana, mkono ukaingia kwenye mkoba kutafuta kalamu nyekundu. Alitaka kuweka tiki.

"Thubutu!" dada akamaka. "Kalamu hiyo ikigusa daftari langu tena, gauni utalishona mwenyewe."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Mama naye akacheka, akairudisha kalamu. Lakini alikuwa na hamu ya kuona, na macho hayakumsaidia, basi akasogea, akainama juu ya daftari, pua karibu iguse karatasi, kivuli chake kikafunika ukurasa wote. Dada alikuwa ameshajaza pini mdomoni. Alimtazama vile alivyoinama.

"Mama," akasema katikati ya zile pini, "unanizibia mwanga."

Mama hakuondoka. Alisogea kidogo tu upande, akavuta kigoda, akakaa.